Fleya nne za Toyota 86

Jumamosi, 6 Julai

Sanduku limefika saa tano asubuhi likiwa juu ya bodaboda. Limetoka Japani kwa meli, likapita bandarini, likalala Kariakoo, na muda wote huo halikuguswa. Limeumia kati ya Kariakoo na Tabata, pale kona yake ilipogonga ubavu wa daladala. Ndani mna fleya nne za faiba, mbili za mbele na mbili za nyuma, pamoja na mfuko wa boliti. Fleya ya nyuma kushoto ina ufa wa urefu wa kidole karibu na tundu la mwisho. Dereva amesema, "Bosi, kilichoguswa ni boksi tu." Nimempa nauli yake na maji ya kunywa.

Gari lenyewe ni Toyota 86 ya mwaka 2013, nyeupe, na nalipenda kuliko kitu chochote nilichowahi kununua kwa pesa yangu. Lilikuja na rimu za inchi 17, upana wa inchi 7, ofseti 48. Nilizolinunulia ni za inchi 18, upana wa inchi 9.5, ofseti 22. Ukipiga hesabu, ukingo wa nje wa rimu mpya unasogea nje kwa takriban milimita 58 kuliko ule wa zamani. Tairi likiachwa wazi kiasi hicho hurusha mawe na matope kwenye milango na kwa wanaokufuata. Kazi ya fleya ni kulifunika. Wapo wanaonunua fleya kwanza kwa sababu zinapendeza, halafu gurudumu linaonekana limezama ndani ya bodi, wanaanza kutafuta spesa nene za kulisogeza. Rimu inunuliwe kwanza, ipimwe, ndipo fleya ichaguliwe kwa kipimo hicho.

Jumapili, 7 Julai

Sabasaba. Mtaa mzima umekwenda kwenye maonyesho, Barabara ya Kilwa. Nimebaki kupima.

Vipimo vinachukuliwa gari likiwa limesimama kwa matairi yake. Likiwa kwenye jeki springi zinanyooka, gurudumu linashuka, na kipimo chake hakifai tena likigusa ardhi. Nimening'iniza timazi kwenye ukingo wa fenda, upepo wa kusi ukawa unaichezesha. Waashi huitumbukiza timazi kwenye ndoo ya maji ili itulie. Nimefanya hivyo, ikatulia vizuri. Mpwa wangu akaja kunawia miguu kwenye ile ndoo. Kipimo cha mbele kulia kimechukuliwa jioni, kwa tochi.

Jumanne, 9 Julai

Nimepeleka rimu kuvalishwa matairi. Muuza duka la jirani na pale akaniuzia nati mpya, akasema ni za Toyota, zote sawa. Nyumbani hazikuingia. Zinashika uzi mmoja kisha zinakwama.

Toyota 86 limeundwa na Subaru kwenye kiwanda chao cha Gunma, na injini ni ya Subaru, ile ya silinda zilizolala. Hata boliti za gurudumu ni za Subaru: milimita 12, lakini uzi wake ni wa 1.25. Toyota nyingi zinazotembea hapa mjini zina uzi wa 1.5. Ukilazimisha nati kwa spana ndefu itaingia, na boliti itaharibika papo hapo. Nimerudi, nikaomba nati za Impreza. Muuzaji akatazama ufunguo wangu wenye nembo ya Toyota, akatazama nati, akanipa. Zimeingia kwa vidole mpaka mwisho, kama inavyotakiwa, ndipo nikazikaza kwa spana ya kipimo mpaka nyutoni-mita 120.

Sasa gari limesimama uani na matairi yamechomoza nje pande zote nne.

Jumatano, 10 Julai

Mzee wa nyumba ya pili amesimama getini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Pole na ajali."

"Halijapata ajali, mzee. Tunalipanua fenda."

"Haya. Mshukuru Mungu umetoka salama."

Jumamosi, 13 Julai

Fundi bodi amekuja kutoka Gerezani na kijana wake. Ni mtu mzima, amenyoosha Hiace za kila namna, na hana haraka. Kabla ya kushika kitu amezunguka gari lote akilipapasa kwa kiganja. Amegundua kuwa bodi ya nyuma kulia iliwahi kupigwa puti huko lilikotoka. Mimi sikuwa najua. Kiganja chake kimehisi ambacho macho yangu hayajawahi kuona tangu gari lifike.

Tumejaribisha fleya kwa tepu ya karatasi. Faiba iliyotandazwa kwa mkono haitoki sawa: hapa nene, pale nyembamba, hapa imekaa, pale kuna mwanya unaopitisha kidole. Dawa yake ni msasa na subira. Kijana amekaa upande wa upepo akisugua, na vumbi lake jeupe limepita juu ya uzio mpaka kwenye kamba ya nguo. Dada yangu alianua kanga zake saa kumi. Saa kumi na moja alianza kujikuna. Vumbi la faiba ni vinyuzi vya kioo. Halitoki kwa kusugua, linazidi kuzama. Tumembandulia kwa selotepu mikononi na shingoni, kisha akaoga maji ya baridi. Kanga zimefuliwa upya. Zile mbili za harusi ya binamu, doti nzima, amezitundika ndani.

Ufa wa fleya ya nyuma kushoto umezibwa kwa ndani kwa kitambaa cha faiba na rezini. Baada ya hapo nimemwomba fundi kitu kimoja kabla hatujatoboa: achukue kalibu ya kila fleya. Kipande kimoja kikivunjika, kuagiza kingine Japani ni kungoja meli. Ukiwa na kalibu unamwaga kingine hapahapa. Akakubali, akapaka nta, akatandaza. Kalibu ya mbele kushoto iligoma kubanduka mpaka usiku.

Jumapili, 14 Julai

Fenda za mbele. Kwenye 86 kila moja ni bati lililofungwa kwa boliti, hivyo kazi yake haitishi. Ukiliharibu unanunua jingine. Tumetoa plastiki ya ndani ya tao. Imeshikwa kwa klipu ndogo nyeusi, na klipu zilizokaa miaka mingi hukatika shingo zikiguswa tu. Zimekatika nyingi. Kijana ameziweka kwenye kikombe, kikombe kikapigwa teke na mbuzi wa jirani.

Fundi ameuliza kwa nini tusichomelee fleya, tupige puti, tupake rangi ionekane ni bodi moja. Ni swali zuri, na kwa magari mengine ningekubali. Lakini fleya za boliti zina asili yake. Mwaka 1971 Nissan waliuza Japani Fairlady 240ZG ikiwa na fleya zilizofungwa kwa skrubu zinazoonekana, kwa sababu ya mambo ya mashindano. Kwenye mbio kipande kikigongwa kinafunguliwa, kinawekwa kingine, gari linarudi barabarani. Ukichomelea, kugongwa kidogo tu kunakurudisha kwenye kunyoosha bodi nzima. Kei Miura wa Kyoto, aliyechora fleya za Rocket Bunny kwa ajili ya 86, aliacha boliti zake wazi vilevile. Nilipotaja 240Z fundi akasimamisha grenda.

"Datsun ile ya Safari Rally?"

"Ndiyo hiyo. Ilishinda 1971 na Edgar Herrmann, 1973 na Shekhar Mehta."

"Mehta wa Uganda yule. Basi toboa."

Hatukujadili tena.

Jumamosi, 20 Julai

Bodi ya nyuma. Hapa ndipo nataka kuandika kirefu, maana ndipo magari mengi yanapouawa.

Ya nyuma si fenda ya kufungua. Ni sehemu ya bodi, na ina mabati mawili: la nje unaloliona, na la ndani linalofunika gurudumu. Yanakutana kwenye ukingo wa tao, yamechomelewa kwa vidoti. Ukikata juu ya ukingo huo ili tairi pana lipate nafasi, mabati yanaachana na unabaki mwanya mrefu unaoingiza maji na tope mpaka chini ya zulia la buti. Fleya ikishafungwa, mwanya hauonekani. Gari linapigwa picha, linasifiwa, na huku linaoza kwa ndani. Kwa hewa ya Dar yenye chumvi, bati tupu halihitaji hata msimu mzima. Nimeona gari zuri sana ambalo fleya yake ilishikwa na kutu tupu. Boliti zilikuwa zimekaza hewa.

Kwa hiyo tumekata hivi. Kwanza kichwa hasi cha betri kimetolewa. Viti na vioo vimefunikwa blanketi zilizolowa, kwa sababu cheche za grenda zikigusa kioo huacha vidoti visivyotoka. Upande wa bomba la kujazia petroli tumeweka blanketi mbili na ndoo ya mchanga. Fundi akakata bati la nje kwa mstari, kisha la ndani akalichana vipande vipande mfano wa meno ya kitana, akavikunja kimoja kimoja kuelekea nje mpaka vikalalia bati la nje. Hivyo ndivyo vitakavyochomelewa, na juu yake kupita silanti ya bodi.

Grenda iliposhika bati moyo ulinienda mbio. Bati la fenda ya nyuma likishakatwa hulinunui dukani. Nilisimama pale nimeshika taa mpaka mwisho.

Umeme ulikatika mstari ukiwa nusu. Fundi akamalizia kwa msumeno wa chuma, polepole, na ukweli ni kwamba upande ule umetoka umenyooka kuliko wa grenda. Kuchomelea kumengoja. Saa mbili usiku umeme ulirudi, jirani mwenye mtoto mchanga akaja kuomba tusipige kelele. Tukaacha. Kingo zote tupu nimezipaka praima ya zinki kwa brashi kabla sijalala, ili usiku usiziguse.

Jumapili, 21 Julai

Asubuhi boneti imejaa vidoti vya rangi ya chungwa, kama mia. Ni unga wa chuma wa grenda; ulitua juu ya rangi, umande ukaushika, ukaanza kutu. Ukisugua kwa kitambaa unachana rangi. Nimetumia udongo maalumu wa kusafishia rangi na maji mengi ya sabuni, kiganja kwa kiganja, kuanzia saa moja mpaka kengele za kanisa la pili. Vimetoka vyote isipokuwa vitatu karibu na taa ya kulia.

Mchomeleaji amefunga upande wa kushoto na wa kulia. Silanti imepakwa. Nimemwaga ndoo ya maji ndani ya tao huku mpwa akiwa amelala kwenye buti na tochi kutazama kama kuna tone.

"Mjomba, hakuna."

Nikamwaga nyingine. Hakuna. Akakataa kutoka, akalala usingizi humo.

Jumamosi, 27 Julai

Matundu. Tumeanzia katikati ya tao, juu kabisa, tukashuka kulia na kushoto kwa zamu. Ukianzia pembeni fleya hujivuta na tundu la mwisho halikutani na la bodi. Kila alama imegongwa kwanza kwa ponchi ili drili isiteleze. Biti ya milimita 3 imetangulia, zikafuata kubwa mpaka milimita 9, kwa sababu tunaweka nati za riveti za M6 ambazo hukaa ndani ya bati na kupokea boliti. Skrubu za kujichimbia ni rahisi zaidi na madukani ndizo wanazokupa, ila kwa mtikisiko wa barabara zetu huchimba tundu lao likawa pana, fleya ikaanza kupiga makofi.

Kila tundu limepakwa praima ya zinki na kuachwa likauke kabla ya nati kuingia. Kijana aliona tunapoteza muda. Fundi akamwambia, "Kutu haina muda, we paka." Boliti ni za chuma kisichoshika kutu, na chini ya kila moja kuna washa ya nailoni, maana chuma hicho kikigusana na bati tupu penye chumvi, bati ndilo linaloliwa.

Biti ya milimita 3 imevunjika. Ya akiba imevunjika pia. Ya jirani imemaliza kazi.

Saa tisa boliti moja ikadondokea ndani ya bodi, nyuma ya taa. Tumeshusha sumaku kwa uzi. Sumaku ikarudi na biti iliyovunjika, klipu moja nyeusi yenye skrubu, na sarafu ya yeni kumi? Hapana, sarafu haikushikwa na sumaku, ilikuja imenasa kwenye grisi. Boliti haikuja, kwa sababu chuma kile hakivutwi na sumaku. Mpwa ametafuna bablishi mbili, tukazibandika kwenye ncha ya waya wa hanga. Boliti imetoka kwa bablishi. Sarafu amebaki nayo yeye.

Jumapili, 28 Julai

Rangi. Namba ya rangi ipo kwenye kibati cha gari, na duka limeichanganya kwa namba hiyo. Rangi ya fleya imechanganywa na dawa ya kuifanya inyumbuke, kwa sababu faiba hutikisika kuliko bati.

Tumezitundika fleya chini ya mwembe, sehemu pekee yenye kivuli. Julai mwembe unatoa maua. Fundi alipuliza koti la kwanza vizuri kabisa. Alipomaliza la pili, upepo wa kusi ukaja, na maua madogo ya rangi ya maziwa yakashuka yakatua kwenye rangi mbichi ya fleya ya mbele kulia. Yaliyokaa juu tumeyatoa kwa kibanio cha nyusi cha dada. Mengine yalizama. Imebidi ikauke, isuguliwe kwa msasa wa maji, ipulizwe tena, safari hii chini ya chandarua cha mbu kilichofungwa kwenye matawi. Dada ameuliza atalalia nini. Chandarua cha chumba cha wageni kimehamishwa.

Jumamosi, 3 Agosti

Fleya ni nyeupe kuliko gari. Namba ni ileile, lakini gari limekaa juani zaidi ya miaka 10. Fundi alitaka kurudi dukani aongeze tone la njano. Nikamwomba kwanza tulisugue gari kwa polishi upande mmoja tuone. Ukoko wa jua umetoka, tofauti ikapungua mpaka ukiwa hatua mbili huioni. Upande wa pili nimeusugua mwenyewe mpaka magharibi.

Jumapili, 4 Agosti

Zimefungwa. Kati ya fleya na bodi umepita mkanda wa mpira, ili faiba isile rangi ikitikisika. Muuzaji alipima mkanda kwa mkono wake, na ni mtu mfupi. Umepungukia kwenye tao la mwisho kwa kiasi cha shibiri. Duka Jumapili limefungwa, kwa hiyo fleya ya nyuma kulia imelala sebuleni, juu ya kochi. Boliti zimekazwa kwa mkono, si kwa mashine. Faiba ikibanwa kupita kiasi hupasuka pale kwenye tundu.

Hata likiwa na tatu tu limependeza. Nimelizunguka mara nyingi. Limekaa chini, limejaa, mabega yamefika pale ambapo tairi linaishia.

Alhamisi, 8 Agosti

Nanenane. Mkanda umepatikana, ya nne imefungwa, nimetoka nalo.

Kwenye Barabara ya Mandela malori ya bandarini yameacha mifereji kwenye lami, na tairi pana lililosogezwa nje hufuata mfereji linaoutaka lenyewe. Usukani unavuta. Ukishika kwa mikono miwili hakuna shida. Kwenye tuta la kwanza, usukani ukiwa umekatwa mpaka mwisho, nikasikia mkwaruzo mbele kushoto: tairi linagusa plastiki ya ndani ya tao. Gereji ya karibu wakaipasha moto kwa mashine ya hewa na kuisukuma nyuma kwa kitako cha nyundo. Mkwaruzo umekwisha.

Askari wa usalama barabarani amenisimamisha. Amekagua leseni, akainama, akapitisha mkono kati ya tairi na fleya.

"Tairi halijatoka nje?"

"Halijatoka, afande."

Akaangalia kwa kufumba jicho moja kutoka nyuma. "Nenda, kaka."

Nilipokuwa nimeegesha Buguruni, muuza kahawa akaweka vikombe vyake juu ya fleya ya nyuma akiwa anamhudumia mteja. Kimoja kimeacha duara la hudhurungi. Nimenunua kahawa, nimefuta duara, nimemwomba kwa heshima atumie benchi.

Jumamosi, 17 Agosti

Faiba na mpira mpya hulala baada ya kutembea, kwa hiyo boliti lazima zikazwe upya. Nimepita zote kwa ufunguo mdogo. Zilizolegea ziko upande ule wa ufa, karibu na bampa ya nyuma, ambako moja ilikuwa imeanza kujizungusha pamoja na nati yake ya riveti. Nimeitoa, nimepanua tundu kidogo, nimepaka zinki, na kwa kuwa pale mkono unafika kwa ndani nimeweka nati ya kawaida yenye nailoni na washa pana. Haitajizungusha.

Matairi ya mbele yameanza kulika upande wa ndani. Jumatatu saa mbili nalipeleka alaimenti.